Kilichomfikisha Breki Dripu ya Kumi na Mbili

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kibanda changu cha kuchonga funguo. Ukikaa kushoto unapata kivuli mpaka saa sita. Ukikaa kulia unapata vumbi la chuma kutoka kwenye mashine yangu, na bado watu wanagombea kulia kwa sababu ndiko Shangazi, muuza kahawa wetu, anakoweka chupa yake. Hakuna uanachama wala kadi, ila wa kila siku tunajulikana. Yupo Karani, aliyepiga chapa hukumu mahakamani miaka thelathini, akastaafu na gunia la methali na hajawahi kuitumia hata moja mahali pake. Yupo Shoti, fundi umeme, aliyerushwa na nyaya mara mbili na anasema ile ya pili ndiyo iliyomfungua akili. Nipo mimi wa funguo. Na yupo Breki, dereva wa lori mstaafu, mtu wa kifua na sauti, ambaye ubishi ukichacha huinua kiganja akasema "hapo shika breki," na watu wanashika kweli. Hii ni habari yake, na ameniruhusu kuisema.

Mwaka jana Breki alianza kupungua. Sisi tukamtania kwamba shemeji, yaani mke wake, amemficha chakula. Alicheka na sisi, akatoboa tundu jingine kwenye mkanda. Kumbe mwenzetu alikuwa anaona damu chooni tangu miezi mitano nyuma na hajamwambia mtu, kwa kuwa mwanamume aliyevuka mito iliyofurika na lori la tani thelathini ataanzaje kueleza habari za chooni. Shemeji ndiye aliyegundua, tena kwa kufua nguo. Hakuuliza mara mbili, alimvalisha viatu wakaenda.

Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Wakampasua, wakakata kipande, wakashona. Kisha daktari akamweleza kwamba uvimbe umetoka lakini huenda umeacha mbegu, na za kuzifuata hizo ni dripu kumi na mbili za dawa ya saratani, moja kila baada ya wiki mbili. Breki alitusimulia pale benchini kama anayesimulia safari ya mzigo. Alisema njia anaijua, ni vituo kumi na viwili, anaingia gia anakwenda.

Ya kwanza alirudi na utani. Ya pili alirudi kimya. Dawa ile ilimletea mambo mawili ambayo hakuyatarajia. La kwanza ni kutapika, siku tatu mfululizo, hata harufu ya sabuni ikimpitia anatapika. La pili ni vidole. Vilikufa ganzi, na akigusa kitu cha baridi anahisi amekamata chupa iliyovunjika. Siku moja Shangazi alimpa kikombe cha maji ya mtungini, akakiachia kikapasuka, akabaki anaangalia mkono wake kama si wake. Tangu siku ile Shangazi akawa anamwekea maji ya uvuguvugu, na kikombe anakifunga kitambaa.

Baada ya dripu ya tatu alikuja asubuhi, akakaa, na kabla hata ya kusalimia akainuka mbio kwenda nyuma ya kibanda. Tukamsikia. Karani, kwa masikitiko yote aliyokuwa nayo moyoni, akatikisa kichwa akasema haraka haraka haina baraka. Breki alicheka kutoka kule nyuma, akatapika tena.

Kisha siku tatu nzima hakuonekana.

Nilikwenda kwake Jumamosi. Pazia lilikuwa limefungwa, beseni la plastiki liko chini ya kitanda, na yeye amelala ubavu akitazama ukuta. Pete ya ndoa ilikuwa haishiki tena kidoleni, kaivalisha uzi shingoni. Nilimweleza habari za benchi, nani amebishana na nani, akawa anaitikia kwa macho. Halafu akasema:

— Fundi, hii gari naiegesha.

— Unasemaje?

— Ya nne siendi. Nimechoka kuliko ugonjwa wenyewe. Kama ni kufa, nife nimekula.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na alisikia. Alikuja akalichukua lile beseni, akaenda nalo nje kuliosha, na beseni lilikuwa safi.

Niliyapeleka maneno yale benchini kama yalivyo. Shangazi alimimina kahawa mpaka ikafurika akajiunguza. Baadaye kila mmoja akaanza kufanya anachokijua, yaani kusema. Karani alitaka tumwandikie barua. Mimi nilitaka tuhamie kwake kwa zamu. Shoti peke yake hakusema kitu, na kwa wanaomjua Shoti hiyo ilikuwa dalili.

Kesho yake alikuja na pakiti. Ilikuwa nyekundu na maandishi ya Kichina ya dhahabu, ndani kuna unga wa kahawia wenye harufu ya mizizi na udongo. Ameipata kwa muuzaji mmoja mjini, na muuzaji amemhakikishia kwamba Wachina wanaitumia tangu enzi na enzi, inafukuza saratani yote, na aliyeianza hahitaji dripu tena. Shoti aliishika kwa mikono miwili. Aliipeleka mwenyewe, akamkorogea mwenyewe kijiko cha kwanza, akasimama mpaka kikombe kikaisha. Nasema haya kwa sababu baadaye watu walimlaumu. Mimi nilimwona uso wake siku ile. Hakuwa mtu mjinga, alikuwa mtu anayempenda rafiki yake.

Breki aliunywa siku tisa. Siku ya dripu ya nne ilipofika, akamwambia mkewe haendi, ana dawa yake. Shemeji hakugombana. Alimwambia maneno machache tu, na Breki mwenyewe ndiye anayeyasimulia mpaka leo:

— Sawa. Lakini kamwambie daktari kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea.

Mwanamume hawezi kukataa hilo. Wakanipitia, kwa kuwa alikuwa anatembea kwa kushika kuta, tukaenda watatu.

Muuguzi alimpima uzito, akamtoa damu, akamuuliza swali wanalouliza kila mtu: kuna dawa nyingine yoyote unayotumia nyumbani, ya dukani, ya mitishamba, chochote? Breki akajibu hapana. Shemeji akafungua mkoba wake, akaitoa ile pakiti nyekundu, akaiweka juu ya meza mbele ya muuguzi, akakaa.

Majibu ya damu yaliporudi, daktari wa dripu, kijana mwembamba mwenye miwani juu ya paji la uso, alisema ini limeanza kulalamika na dripu haiwezi kutundikwa siku ile. Alinusa unga. Akasema hawezi kumlaumu mtu kwa kitu asichokijua, lakini yupo mwenzake anayeweza kukisoma. Akatuelekeza chumba cha mwisho, baada ya wodi.

Mimi njiani nilikuwa najiandaa kumkuta Mchina mzee mwenye ndevu nyeupe. Tulimkuta mama wa miaka arobaini hivi, mwenzetu kabisa, kavaa sweta juu ya koti jeupe na mikono kaikunja mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amesoma udaktari nyumbani, kisha akaenda kukaa China miaka sita kusomea tiba yao ya asili. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja chenye shuka safi, na ukutani picha ya mtu aliyechorwa mistari mwilini kama ramani ya barabara. Breki aliitazama ile picha muda mrefu. Nadhani ndipo alipoanza kumwamini.

Daktari aliisoma pakiti polepole, kidole kikifuata maandishi, kama mtu anayesoma barua ya ndugu wa mbali. Akatueleza kwamba imeandikwa majina ya mizizi mitatu. Mmoja anaujua vizuri, unatumika kule kwa maradhi mengine, lakini si kwa mtu aliye kwenye dripu, kwa sababu ini linapewa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kilichomo ndani ya ule unga zaidi ya hiyo mitatu, alisema, hakuna anayejua, hata yeye. Na hakuna mahali popote kwenye pakiti palipoandikwa kwamba inaponya saratani. Hilo muuzaji alilitunga mwenyewe.

— Aliyekuletea ni nani?

— Rafiki yangu.

— Anakupenda?

Breki hakulitegemea swali hilo.

— Sana.

— Basi usimgombeze. Ila hii unaiacha leo.

Kisha akavuta kiti, akamuuliza nini hasa kinamsumbua. Si saratani, alisema, hiyo imeandikwa kwenye faili. Yeye, akiamka, kinachomsumbua ni nini? Breki akaanza kwa shida. Akataja kutapika. Akataja ladha ya chuma mdomoni. Akataja vidole, kwamba hawezi kufunga vifungo vya shati na anaona haya kumwita mkewe. Akataja kwamba halali. Mpaka anafika hapo alikuwa analia, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia hata siku alipomzika mama yake.

Daktari alimwacha amalize. Halafu akasema maneno ambayo nimeyashika:

— Mzee wangu, mimi siondoi saratani. Hiyo ni kazi ya mwenzangu wa dripu, na ya yule aliyekupasua. Mimi naweza kujaribu kukupunguzia kutapika, na huenda hiyo ganzi kidogo, ili uweze kufika mwisho wa dripu zako. Kila nitakachokufanyia yeye atakiona kwenye faili.

— Na kama mwili wangu ukikataa?

— Utaniambia. Wapo ambao hawapati nafuu. Sitakuficha.

Nafikiri lile la mwisho ndilo lililomrudisha. Muuzaji alikuwa ameahidi yote. Huyu aliahidi kujaribu.

Wiki iliyofuata ini lilikuwa limetulia. Akarudi kwa dripu ya nne, lakini kabla ya kutundikwa alipitia chumba cha mwisho. Niliruhusiwa kukaa pembeni wakati yule mama anamchoma sindano za Kichina. Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele na hazina dawa ndani. Alimchoma kwenye vifundo vya mikono upande wa ndani, na chini kidogo ya magoti, akamfunika shuka, akazima taa ya juu. Nilimuuliza Breki inaumaje. Alisema ni kama sisimizi aliyetaka kung'ata, akaghairi. Baada ya dakika tano akawa anakoroma.

Kesho yake jioni simu yangu ililia, ni shemeji. Nilisema haloo mara tatu hajajibu, nikaanza kuvaa viatu. Ndipo akasema:

— Shemeji, amekula.

— Amekula nini?

— Supu. Bakuli zima. Ameomba mkate.

Basi, hakuongeza. Nikavua viatu.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Breki aliendelea kutapika, ila mara moja au mbili badala ya siku tatu. Ganzi ilipungua kidogo, haikuisha. Kwenye vifungo vya shati alifika hadi cha tatu. Daktari wa dripu naye alimbadilishia vidonge vya kuzuia kichefuchefu, kwa hiyo mkono wa nani ulifanya nini hatujui. Lakini alikuwa anakula na analala, na siku ya tano baada ya dripu akaja benchini kwa miguu yake.

Shoti hakuwepo. Tangu asikie habari ya ini alikuwa anapita barabara ya nyuma. Breki akaniomba nimwite. Alikuja na mkoba wake wa vifaa begani kama anayekwenda kazini, akasimama, hakukaa.

— Ningekuua, kaka.

— Kaa.

— Nimekukorogea kwa mkono wangu.

— Shoti, hapo shika breki. Nilikuwa nimekwishaegesha. Fundi huyu hapa shahidi. Kama usingeniletea ile pakiti, shemeji yako asingekuwa na kitu cha kuweka mezani, na mimi nisingeujua ule mlango wa mwisho. Ulikosea dawa. Mimi hukunikosea.

Shoti akakaa. Shangazi akampa kahawa, na kwa mara ya kwanza maishani akainywa bila kuisema vibaya. Karani naye akakohoa, akasema anayestahili shukrani hapa ni shemeji aliyefungua mkoba, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua. Tuligeuka wote kumtazama. Methali ilikuwa imekaa mahali pake sawasawa. Yeye mwenyewe alishtuka, akaomba maji.

Kuanzia hapo benchi likawa na kazi moja, kueleza sindano zinafanyaje kazi. Nawapa kidogo tu.

Shoti alisema mwili ni nyumba yenye nyaya, dripu inaleta umeme mwingi, sindano ni waya wa kupeleka ziada ardhini.

— Sasa ardhi yenyewe iko wapi na mtu amelala kitandani? — nikamuuliza.

— Kitanda si kina miguu?

— Ya mbao.

— Ndiyo maana hakupona siku moja.

Karani alikataa. Kwa maoni yake sindano ni hati ya wito: kila ugonjwa una anwani yake mwilini, ukiuchomea hodi pale unalazimika kufika mbele ya hakimu. Akamalizia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na ndiyo maana mgonjwa hukunjwa mikono ya shati kwanza. Mimi, kwa kuwa mtu huona kazi yake kila mahali, nilisema ni funguo, mwili una makufuli mia tatu na ushei na yule daktari ana kishada chake. Shoti akasema makufuli hayo basi yalichongwa na mimi, maana yanakwama. Tulifika mahali Karani akadai hata lori linaweza kuchomwa sindano kwenye tairi likapunguza kula mafuta, na Breki, mtu wa malori, akasema atajaribu.

Shangazi alikuwa anaosha vikombe. Alisema yeye hajui nyaya wala makufuli, ila anaona mtu akilazwa nusu saa mahali pa utulivu, na kabla ya hapo akaulizwa anajisikiaje na akasikilizwa mpaka mwisho, lazima kitu fulani kilegee. Tukamwambia hiyo si nadharia. Akasema sawa, akaendelea kuosha.

Breki alikwenda kumuuliza mwenye sindano. Alirudi akatuambia daktari amecheka, akasema wataalamu bado wanachunguza; kwa kichefuchefu ushahidi upo, kwa ganzi ni haba zaidi, na yeye haapi kwa chochote ambacho hakijapimwa. Benchi halikuridhika na jibu fupi namna hiyo.

Dripu ya saba ndiyo iliyotuogopesha. Damu ilikuwa imeshuka, hasa zile chembe za kuigandisha. Daktari wa dripu akasogeza tarehe, na yule mama wa chumba cha mwisho akakataa kabisa kumchoma. Alimwonyesha kwenye karatasi ya majibu, akamwambia sindano leo inaweza kumtoa damu isiyokatika upesi, na yeye hafanyi jambo la kumpunguzia mtu shida kwa kumwongezea nyingine. Badala yake akamshika mkono, akapima vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo, akambonyeza katikati ya mishipa miwili migumu inayosimama pale. Akamwambia abonyeze hapo dakika chache, asubuhi na jioni, na kila kichefuchefu kinapopanda.

Tatizo ni kwamba vidole vya Breki havikuwa na nguvu, kwa ile ganzi. Nyumbani alimbonyeza shemeji. Mchana alikuwa wetu. Ungepita pale kwangu siku zile ungeona wanaume wazima wamepanga foleni kushika mkono wa mwenzao. Karani alishika muda kwa saa yake ya mfukoni, akitangaza kikao kimefunguliwa na kikao kimeahirishwa. Shoti alibonyeza kwa nguvu mpaka akaambiwa hiyo si swichi. Mama mmoja aliyepita alidhani tumemkamata mwizi. Breki alikuwa anafumba macho na kutuachia mkono wote, mzito, na kusema kweli sijui kama tulikuwa tunabonyeza mahali penyewe. Alikuwa anasema kinashuka. Siku nyingine alikuwa anasema hakishuki, lakini tusiache.

Damu ilipanda. Akaendelea. Daktari alimfundisha pia mazoezi yao ya polepole ya pumzi na mikono, kwa ajili ya ule uchovu usioisha kwa kulala, akawa anayafanya asubuhi mbele ya kibanda changu. Tukamwiga. Karani alinyoosha mkono wa kushoto akakwama hivyo hivyo, tukamsindikiza nyumbani akiwa kama anayesimamisha gari.

Ya nane, ya tisa. Ya kumi alitaka tena kuacha, akaenda kumwambia yule mama, wakakaa nusu saa, akatoka akaenda kutundikwa. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili tulikwenda wote, tukafunga kibanda, Shangazi akabeba chupa. Muuguzi akatuambia wodi haina nafasi ya kijiji kizima, tukasubiri nje kwenye ukuta.

Mwezi uliofuata walimpiga picha za mwili. Daktari wa dripu akashusha miwani yake machoni, akazisoma mara mbili, akasema haonekani na kitu. Kwa sasa. Arudi baada ya miezi mitatu, na mitatu mingine, na miaka. Breki akauliza kama amepona. Daktari akamwambia neno hilo anaomba alihifadhi kwanza. Breki akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Alikuja benchini moja kwa moja kutoka huko. Alikuwa amevaa shati lililofungwa vifungo vyote, ingawa kimoja kimekosea tundu. Tulimpisha akae kulia. Alisema ana deni la shukrani na anataka kulianza, na hapo ndipo ubishi ulipowaka.

— Wa kwanza ni dripu, — alisema Karani. — Dripu ndiyo iliyokula mbegu.

— Dripu hiyo hiyo aliyotaka kuikimbia? — Shoti akauliza. — Sindano ndizo zilizomrudisha.

— Ni mkewe, — nikasema. — Pakiti ingebaki mkobani, angekuwa wapi leo?

— Muuguzi aliyeuliza swali je?

— Na Shangazi na kitambaa chake.

— Mniondoe mimi, — akasema Shangazi.

Wakati huo kulikuwa na dada mmoja amesimama kwenye dirisha langu, ananisubiri nimchongee ufunguo. Kabla ya siku hiyo hatukuwahi kumwona. Alikuwa ameniambia ni wa nyumba ya mama yake, anahamia kwake kumuuguza, na chini ya kwapa ameshika bahasha kubwa ya kahawia, zile za hospitali. Alikuwa anasikiliza tangu mwanzo. Akageuka kwa Breki, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima.

— Shikamoo, baba. Samahani nimewaingilia. Bila hizo sindano, usingefika ya kumi na mbili?

Niliizima mashine. Karani alitafuta methali, nikamwona anatafuta, hakupata. Miezi mitano tumeeleza nyaya, makufuli na mahakama, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejiuliza hivyo.

— Marahaba, mwanangu, — Breki akasema. Kisha akafikiri. — Sijui. Nakwambia kweli, sijui. Pengine ningefika nikitambaa. Pengine ningeegesha ya nne. Ninachojua ni kwamba nilitaka kuacha, wakanishika wengi, na yule mama ni mmoja wao.

Dada aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaizungusha ile bahasha mikononi.

— Watu wameanza kumletea mama mizizi.

— Ipokee, washukuru. Kisha yote, hata ya bibi yako, iweke mezani kwa daktari wa dripu kabla mama hajaonja. Huyo ndiye wa kuuliza kama chumba cha mwisho kinamfaa. Mama anaanza lini?

— Jumatatu.

— Anakwenda na nani?

— Na mimi tu.

Breki aliweka kikombe chini. Alitutazama sisi, akatazama barabara inayokwenda hospitali, ile ambayo asubuhi hiyo hiyo aliagana nayo kwa miezi mitatu.

— Basi tutakuwa watatu.